Goti la mama, chuma cha 1998 na swali la roboti

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 66, yuko Morogoro. Goti lake la kulia limelika, usiku halali kwa maumivu, na ndani ya nyumba anatembea kwa kushika ukuta. Hospitali ya kwanza tuliyompeleka Dar es Salaam ilimpiga eksirei ya goti, ikasema anafaa kuwekewa goti bandia, tupange tarehe. Ya pili ikasema bila CT-skani na roboti ni kubahatisha tu, na bei yake ni karibu mara mbili. Shangazi naye amesimamia kucha kwamba tumpeleke India. Hii mipango ya kompyuta ina faida kweli au ni biashara? Mama mwenyewe ana swali moja tu: ataweza kusujudu tena? Niongeze kwamba ana kisukari, anatumia vidonge, na mwaka 1998 alivunjika paja la mguu huohuo kwenye ajali ya basi, akawekewa chuma ambacho hakijatolewa hadi leo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole, na mwambie swali lake sijalipita, nitalifikia.

Hilo uliloliongeza mwishoni, la paja kuvunjika, ndilo mimi naanza nalo. Kama mama angekuwa na goti lililolika tu, bila ajali nyuma yake, ningekwambia hospitali ya kwanza haijakosea sana: eksirei zilizopigwa vizuri na daktari anayefanya upasuaji huu mara kwa mara vinamtosha mgonjwa wa kawaida, na hiyo pesa ya ziada mngeitunza kwa ajili ya mazoezi na dawa. Lakini chuma kilichomo pajani kinabadilisha hesabu yote. Kwa jinsi ulivyoandika, hakuna hata hospitali moja kati ya hizo mbili iliyokizungumzia. Nadhani ni kwa sababu picha ya goti peke yake haifiki juu kiasi cha kukionyesha, na hakuna aliyemuuliza mama.

Ngoja nieleze kinachofanyika, maana bila kukijua huwezi kupima wanachokuuzia.

Katika kubadilisha goti hatutoi goti zima kama watu wanavyodhani. Tunakata kipande chembamba, kiasi cha milimita 8 hadi 10, kwenye ncha ya chini ya mfupa wa paja na kwenye ncha ya juu ya mfupa wa ugoko, kisha tunavisha kila ncha kifuniko cha chuma, mara nyingi kwa saruji ya mfupa, na katikati tunaweka plastiki ngumu. Kazi ngumu ni mwelekeo wa hiyo mikato. Ukikata kwa kupinda nyuzi chache tu, uzito wa mwili unaegemea upande mmoja, na plastiki inaliwa huko huko, kama gari ambalo halijafanyiwa alaimenti linavyokula tairi upande mmoja. Tofauti yake ni kwamba tairi hubadilishwa kwa dakika kumi.

Sasa, mwelekeo huo tunaupima kwa mstari unaotoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, kule nyongani, hadi katikati ya kifundo cha mguu. Shida ni kwamba nyonga haionekani wakati wa upasuaji. Imefunikwa na misuli na mashuka. Kwa hiyo kwa miongo mingi tumetumia njia ya mzunguko: tunatoboa tundu dogo kwenye ncha ya paja pale gotini, tunaingiza fimbo ndefu ya chuma kwenye mfereji wa uboho, na juu ya fimbo hiyo tunafunga kifaa cha kuongoza msumeno. Fimbo inafuata mfereji wa mfupa, mfereji hauelekei katikati ya nyonga moja kwa moja, kwa hiyo tunarekebisha tofauti hiyo kwa nyuzi 5, 6 au 7 kulingana na mtu. Njia hii ni nzuri, ni ya bei nafuu, na mamilioni ya magoti yamewekwa kwayo. Ila imesimama juu ya sharti moja: mfupa wa paja uwe umenyooka na mfereji wake uwe wazi.

Mama hana uhakika wa lolote kati ya hayo mawili. Kama mwaka 1998 aliwekewa msumari wa ndani ya mfupa, fimbo haina pa kupita. Kama aliwekewa bamba la pembeni, skrubu zake zimekatiza mfereji na fimbo itagonga ya kwanza tu. Na hata kama fimbo ingepita, mfupa uliounga kwa kupinda unaipeleka fimbo kwenye mwelekeo wa uongo: daktari ataweka nyuzi 6 kama kawaida, kila kitu kitaonekana sawa mezani, na mama atasimama na mguu uliopinda.

Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kuomba, kabla ya CT na kabla ya kuzungumzia roboti, ni eksirei ya mguu mzima akiwa amesimama, kuanzia nyonga hadi kifundo. Mkazo uko kwenye kusimama. Mgonjwa akilala kitandani, goti lililolika linaachia, na upindaji unaoonekana ni mdogo kuliko anaotembea nao. Pia ya goti itazame mbele moja kwa moja. Mguu ukigeuzwa kidogo nje au ndani, hasa ukiwa haukunjuki wote, picha itakuonyesha pembe ambayo mama hana. Nimeshaona filamu ambazo ukizitazama kwa makini unagundua mpigaji alinyoosha vidole vya miguu badala ya pia ya goti. Daktari mzuri akipewa picha kama hiyo huirudisha. Mashine nyingi hazina sahani ndefu ya kutosha, hivyo hupiga vipande viwili au vitatu na kompyuta kuviunganisha. Hilo si tatizo. Aongezewe na picha ya paja lote kwa ubavu, kwa sababu mfupa uliovunjika unaweza kuwa umepinda mbele au nyuma bila kuonekana ukitazamwa usoni.

Picha hiyo moja itajibu zaidi ya nusu ya swali lako.

Tuje kwenye kompyuta. Kupanga upasuaji huu si jambo la jana. Tangu nyonga bandia ya kisasa ilipoanza kule Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, mikononi mwa John Charnley, walimu wangu walizoea kuweka karatasi angavu ya plastiki yenye michoro ya saizi zote juu ya filamu ya eksirei, kwenye kisanduku cha taa, wakichora kwa penseli ya nta. Tatizo lake lilikuwa ukuzaji. Eksirei hukuza mfupa, kwa kawaida asilimia 15 hadi 20, kutegemea umbali wa mfupa kutoka kwenye sahani, na mtu mnene mfupa wake unakaa mbali zaidi. Karatasi zile zilichapwa kwa ukuzaji mmoja kwa watu wote.

Leo tunatumia programu, na siri yake ni kitu kidogo cha ajabu: kipira cha chuma cha milimita 25 kinachowekwa kando ya mgonjwa, kwenye usawa wa mfupa wenyewe, wakati wa kupiga picha. Kwenye skrini tunapima kipira. Kikisoma milimita 30, tunajua picha imekuzwa asilimia 20, na programu inarekebisha kila kipimo. Angalia jinsi kosa linavyoingia kimyakimya: bakuli la nyonga bandia, kile kikombe kinachokaa kwenye tundu la nyonga, la milimita 52 litaonekana 62.4 kwenye picha hiyo. Mtu akikisia kuwa ukuzaji ni asilimia 15, atapata zaidi ya 54. Atakuwa amepanga saizi ambayo siyo. Na kipira hicho kikiwekwa juu ya meza, au juu ya paja badala ya usawa wa mfupa, programu ya gharama yoyote ile itahesabu uongo kwa desimali mbili. Kwa hiyo ukisikia hospitali ina mpango wa kidijitali, muulize fundi wa eksirei kipira anakiweka wapi. Utajua mengi kwa jibu lake.

Kwa mazingira yetu kupanga saizi kuna faida ambayo vitabu vya Ulaya havitilii maanani. Kule rafu za hospitali zina saizi zote. Huku mara nyingi wakala wa kampuni ndiye anayeleta masanduku siku ya upasuaji au siku moja kabla, na mama mwenye mifupa midogo anaweza kuhitaji saizi ambayo lazima iagizwe. Afadhali tujue wiki tatu kabla, si mgonjwa akiwa ameshafunguliwa.

CT-skani inaongeza nini? Inaonyesha mfupa kwa pande zote: mzunguko wake, yaani kama ncha ya goti imejisokota ikilinganishwa na nyonga, kitu ambacho eksirei haiwezi kukipima vizuri, na pia mashimo ya mfupa ulioliwa. Mfupa uliounga baada ya kuvunjika mara nyingi huwa umejisokota, kwa hiyo kwa mama CT si anasa. Wahakikishe tu wanaskani nyonga, goti na kifundo, siyo goti pekee, na mtaalamu wa mionzi ajulishwe kuna chuma pajani ili atumie mpangilio wa kupunguza michirizi ambayo chuma huitupa kwenye picha.

Kuna njia tatu za kuuhamisha mpango kutoka skrini hadi mfupani, na hapa ndipo nadhani hospitali ya pili imewabana isivyo haki.

Ya kwanza ni viongozi vya msumeno vinavyochapwa kwa mashine ya 3D kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Vinatengenezwa kwa plastiki, vinakaa kwenye ncha ya mfupa mahali pamoja tu, na vina mpasuo wa kupitishia msumeno. Havihitaji fimbo ya ndani. Vilipoingia sokoni miaka ya 2000 mwishoni vilisifiwa kupita kiasi. Tafiti zilizofuata hazikuonyesha kwamba mgonjwa wa kawaida anapona vizuri zaidi kwa sababu yake. Ila kwa paja lenye chuma ni msaada wa kweli. Ubaya wake ni kusubiri wiki kadhaa vitengenezwe, na goti likibadilika katikati havikai sawasawa.

Ya pili ni uongozaji wa kompyuta kwa kamera. Goti la kwanza kubadilishwa hivyo lilikuwa Grenoble, Ufaransa, Januari 1997. Vijiti vyenye alama zinazosomwa na kamera hufungwa kwenye mfupa wa paja na wa ugoko, kisha daktari anauzungusha mguu wa mgonjwa taratibu kuanzia nyongani, na kompyuta, kwa kufuatilia duara la alama hizo, inakokotoa katikati ya nyonga ilipo. Ile nyonga isiyoonekana inapatikana bila fimbo na, sikiliza vizuri, bila CT. Kwa mgonjwa kama mama njia hii peke yake inaweza kutosha, mradi pini za alama ziwekwe mbali na bamba.

Ya tatu ndiyo roboti. Si mpya kama inavyotangazwa. Roboti ya kwanza ya nyonga ilitumika kwa binadamu Sacramento, California, mwaka 1992. Za leo ni tofauti: nyingi hazikati zenyewe, daktari anashika msumeno na mkono wa roboti unamzuia asitoke nje ya mpaka uliopangwa. Nyingine zinahitaji CT, nyingine hazihitaji. Faida ninayoiona mimi kubwa kuliko ukataji ni kwamba kabla ya kukata lolote, daktari anavuta goti pande zote na kuona kwenye skrini nafasi itakayobaki ndani na nje, likiwa limekunjwa na likiwa limenyooshwa, halafu anarekebisha mpango kwa milimita moja moja. Zamani hilo tulilijua baada ya kukata.

Je, wagonjwa wanafaidika? Hapo ndipo matangazo na ushahidi vinapoachana. Kwamba kompyuta na roboti hupunguza mikato iliyopinda sana, hilo halina ubishi. Kwamba mgonjwa anatembea vizuri zaidi kwa sababu hiyo, bado ni dhaifu. Utafiti mkubwa wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2020 uligawa kwa kura zaidi ya wagonjwa 1,000, wengine roboti na wengine mkono wa kawaida, ukawafuata kwa miaka 10 na zaidi. Haukukuta tofauti ya maana katika maumivu, utendaji wala kudumu kwa goti. Roboti yenyewe ilikuwa ya kizazi cha zamani, watetezi wa mashine mpya husema, na ni hoja ya haki. Upande wa pili, rejista ya viungo bandia ya Australia imeonyesha kwamba kwa wagonjwa walio chini ya miaka 65, magoti yaliyowekwa kwa uongozaji wa kompyuta yalirudiwa machache zaidi. Kwa hiyo nikiulizwa kama ni biashara, nasema biashara imo, na faida imo, na faida inaongezeka kadiri mfupa unavyokuwa mgumu kusoma. Mama yuko kwenye kundi hilo. Jirani yake mwenye goti lililolika tu hayumo.

Kuna mageuzi mengine kwenye upangaji ambayo hayaonekani kwa macho kama roboti, lakini wataalamu wanabishana juu yake zaidi: je, kila mguu unapaswa kunyooshwa kwa mstari uleule? Tulifundishwa ndiyo. Kisha mwaka 2012 watafiti wa Ubelgiji wakapima vijana 250 wasio na maumivu yoyote, wakakuta asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake wana matege ya kimaumbile ya nyuzi 3 au zaidi. Maana yake, tukimnyoosha kila mtu tunawapa baadhi yao mguu ambao hawajawahi kuwa nao, na huenda hilo ni moja ya sababu za lile jambo linalotusumbua siku zote: takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hubaki haridhiki baada ya kubadilishwa goti. Sasa wengi wetu tunajaribu kumrudishia mtu umbo lake la kabla ya kuumwa, ndani ya mipaka. Kwa mama angalizo langu ni moja. Upindaji uliotokana na ajali si umbo lake la kuzaliwa. Ukitaka kujua lake, pigeni picha na mguu wa kushoto.

Ikionekana paja limepinda kidogo, na mbali na goti, mkato wa gotini unaweza kufidia. Likiwa limepinda sana, au karibu na goti, kufidia kunakula mishikizo ya kano za pembeni, na hapo inabidi mfupa unyooshwe kwanza kwa kukatwa na kufungwa upya, ama katika upasuaji huohuo ama miezi kadhaa kabla. Muulize daktari swali hili waziwazi. Jibu lake lisiwe "tutaona tukifika".

Kitu kingine kuhusu chuma cha zamani: kinaweza kuwa kimehifadhi wadudu bila dalili. Kabla ya kuweka goti bandia afanyiwe vipimo vya damu vya uvimbe, CRP na ESR, na vikiwa juu bila sababu, maji ya goti yavutwe yakapimwe maabara. Vilevile muulize kama aliwahi kutoka usaha kwenye kidonda cha 1998. Wazee husahau kusema hayo kwa sababu yalipona.

Sasa kisukari, na hapa naomba unisikilize kuliko nilivyozungumza juu ya roboti. Maambukizi kwenye goti bandia huwapata kama mgonjwa mmoja au wawili kwa kila mia. Ni wachache, ila anayepatwa hupasuliwa tena na tena. Hakuna skrini inayozuia hilo. Mama apimwe HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Madaktari wengi hatupendi kupasua ikiwa juu ya 7.5 au 8. Ikiwa 9, tarehe isogezwe na daktari wake wa sukari ashirikishwe. Goti lililolika halijawahi kumuua mtu kwa kusubiri miezi miwili. Wingi wa damu nao upimwe mapema: chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke ni upungufu unaotibika kwa madini ya chuma kabla, na anayeingia na damu ya kutosha mara chache anaongezewa, hasa siku hizi tunapotumia dawa ya asidi ya traneksamiki kupunguza uvujaji. Meno yaliyooza yang'olewe au yazibwe. Fangasi za vidoleni na nyufa za kisigino zitibiwe. Mguu usichanjwe chale wala kukandwa na kitu cha kuunguza.

Na sindano za goti. Wengi wakishasikia upasuaji unakuja huenda kuchomwa sindano ya kutuliza ili wavumilie. Akichomwa ya steroidi, asipasuliwe goti hilo kabla miezi mitatu haijapita, maana hatari ya maambukizi inapanda. Kama alichomwa karibuni na hamkumwambia daktari, mwambieni. Hivyohivyo kwa zile dawa za maumivu zisizo na jina kwenye vifuko: baadhi huchanganywa steroidi, sukari inapanda na mwenyewe hajui kwa nini.

Kusujudu. Goti bandia likienda vizuri hukunjika kama nyuzi 110 hadi 120. Kupanda ngazi, kukaa kitini na kuinuka, kuingia kwenye daladala, hayo yote yanaingia humo. Kukaa tahiyatu matako yakigusa visigino kunahitaji kama nyuzi 150, na wachache sana hufika. Kinachotabiri zaidi atakapofika ni anapokunja leo: goti ambalo limeganda kwenye nyuzi 80 kwa miaka mitano halitafika 130 kwa sababu ya roboti, na magoti yanayouzwa kwa jina la kukunjika zaidi hayajaonyesha tofauti kubwa kwa wagonjwa. Kupiga goti kwenyewe hakukatazwi. Kidonda kikishapona, baada ya miezi kadhaa, anaweza kujaribu juu ya mto laini, akijua wengi huona ganzi au kero pale mbele. Lakini ajiandae kuswali kwenye kiti, na ya fiqhi awaulize mashekhe, kwa kuwa ruhusa ya mgonjwa wanaijua kuliko mimi. Choo cha kuchuchumaa nacho kishughulikiwe sasa, kabla ya upasuaji: kiti cha choo cha plastiki au cha mbao juu ya tundu, na chuma cha kushika ukutani. Huu nao ni mpango wa upasuaji. Mpime na huko kukunja kwake, kwa picha ya simu akiwa amelala, mumpelekee daktari.

Kwa wasomaji wa nyonga, kwa kuwa barua zenu ni nyingi, hasa vijana wa siko seli ambao kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu: kwenu upangaji una mambo mawili zaidi. Mfereji wa mfupa mara nyingi umeziba au umekuwa mwembamba na mgumu, kwa hiyo vipimo vyake vichukuliwe kwa uangalifu na vyuma vidogo viwepo. Na daktari wa damu ahusishwe kabla, juu ya maji, oksijeni na kuongezewa damu. Jambo jingine ni la nyonga zote. Tangu 1978 tumekuwa tukiweka bakuli ndani ya eneo linaloitwa salama, nyuzi 40 za mwinamo na 15 za kutazama mbele, kila moja ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 10. Utafiti wa Mayo Clinic wa 2016 ukakuta zaidi ya nusu ya nyonga zilizochomoka zilikuwa ndani ya eneo hilohilo. Uti wa mgongo ulioganda ndio mara nyingi mchawi, kwa sababu kiuno hakigeuki mtu anapokaa. Siku hizi tunaomba picha mbili za ubavu, amesimama na amekaa. Ni eksirei ya kawaida tu, haina roboti ndani yake.

Nirudi kwenu. India ina hospitali nzuri na mikono iliyozoea, sitamkatalia shangazi. Lakini hapa nchini pia kubadilisha goti kunafanyika, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wakiwemo, na goti lina miaka ya kufuatiliwa mbele yake: kwa takwimu za rejista zilizokusanywa mwaka 2019, magoti kama 82 kati ya 100 hufikisha miaka 25. Kidonda kikianza kutoa maji wiki ya tatu, nani atakifungua? Safari ndefu ya ndege mapema baada ya upasuaji pia inaongeza hatari ya damu kuganda mguuni, na wengi wetu hushauri mgonjwa asubiri, hata miezi mitatu kwa safari ndefu. Mkienda, pangeni kukaa huko muda wa kutosha, na mrudi na nakala ya zile stika zinazobandikwa kwenye faili kutoka kwenye masanduku ya goti, zenye jina la kampuni, saizi na namba. Hata mkifanyia hapa, ziombeni. Siku goti hilo likihitaji kurudiwa, daktari asiye na stika hizo hujua kampuni kwa kubahatisha.

Ushauri wangu kwa mpangilio ni huu: kwanza sukari na damu, wakati huohuo picha ya mguu mzima akiwa amesimama na ya paja kwa ubavu. Kisha rudini hospitali ile yenye daktari aliyefanya magoti yenye mapaja yaliyowahi kuvunjika, si lazima ile yenye mashine, mumuulize atatumia nini badala ya fimbo ya ndani. Akisema kamera, sawa. Akisema viongozi vya kuchapwa, sawa. Akisema roboti, na bei mnaimudu, sawa pia. Akisema fimbo ya kawaida bila kuitazama picha ya paja, shukuruni muondoke.

Tafuteni na makaratasi ya 1998, kutoka hospitali iliyomfunga. Kama yamepotea, eksirei itamwonyesha mtu mwenye uzoefu aina ya chuma, na kama kuna skrubu za kutolewa, jambo la kuulizia mapema ni bisibisi. Vichwa vya skrubu havifanani. Nyingi za bamba kubwa za wakati ule huchukua bisibisi ya pembe sita ya milimita 3.5, lakini si zote, na skrubu iliyokaa mfupani miaka zaidi ya ishirini ikishakwaruzwa kichwa kwa bisibisi isiyo yake, kuitoa kunaweza kuchukua saa nzima ya usingizi wa mama. Seti ya kutolea vyuma, pamoja na ile ya skrubu zilizovunjika, iwe imeshachemshwa na iko chumbani siku hiyo.